Kombi ya Marehemu Baba: Je, Chasisi Iliyoliwa na Kutu Inatengenezeka?

*Swali: Marehemu baba yangu aliniachia Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1974. Kwa miaka mingi aliiendesha Mombasa, na tangu tuilete Nairobi imekaa miaka 6 uani kwetu Buruburu, chini ya mti. Mwezi uliopita nilimwita fundi aikague. Alipogonga chini ya mlango wa kuvuta, kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja kilidondoka. Anasema ataziba kwa fila, apake lami chini yote, na kazi itaisha kwa siku 3. Fundi wa pili anasema chasisi imeoza, nitafute nyingine nibadilishe. Mjomba wangu ananishauri ninyunyize oili chafu na niiache ilivyo. Ningependa kuwapeleka wanangu Naivasha kwa gari la babu yao. Je, chasisi yenye kutu inaweza kutengenezwa ikawa salama, au nijikaze niiuze kama vyuma chakavu?*

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na ninaona lina hofu mbili. Ya kwanza ni ya usalama: kama inafaa kuwapakia watoto kwenye gari ambalo limeanza kudondosha vipande vya chuma. Ya pili hukuitaja waziwazi, lakini inasomeka: hutaki kuwa mtoto aliyeiuza Kombi ya baba kwa kilo. Nitakaa zaidi kwenye ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayoamua ya pili. Kombi nyingi zilizofikia hali uliyoieleza hutengenezeka, ila si kwa njia yoyote kati ya hizo tatu ulizoshauriwa, na si kabla ya kujua kutu imefika wapi.

Nianze na fundi wa pili, kwa sababu ushauri wake unaonekana wa busara na unaweza kukupotezea miezi mingi. Land Rover za zamani, pikapu na malori yana chasisi inayojitegemea, iliyoundwa kama ngazi iliyolazwa chini, na bodi hukaa juu yake kwa bolti. Gari la namna hiyo unaweza kweli kuinua bodi, ukaweka chasisi nyingine na kuirudisha bodi mahali pake. Kombi haikuundwa hivyo. Tangu ilipoanza kutengenezwa mwaka 1950, na hata katika kizazi cha pili kilichoanza 1967, ambacho ndicho chako, bodi na chasisi vilichomelewa vikawa kitu kimoja. Chini kuna mihimili miwili mirefu ya boksi, yaani yenye uwazi ndani, inayokwenda kutoka mbele hadi nyuma, kuna vyuma vya kukingama vinavyoiunganisha, kuna mikono mifupi inayotoka kwenye mihimili hiyo kwenda kushika vizingiti vya milango, na juu ya vyote kuna sakafu. Vyote hivyo hubeba mzigo kwa pamoja, hata kizingiti ambacho mtu wa kawaida hukiona kama pambo la kukanyagia. Kwa hiyo hakuna chasisi ya kufungua na kubadilisha. Lakini muundo huohuo una upande wake mwema: kila kiungo kinaweza kukatwa na kurudishwa peke yake, mradi viungo vingine vimeshikiliwa vizuri wakati wa kazi.

Kipande kilichodondoka kwako kilitoka mahali panapostahili kuangaliwa kwa makini. Upande wa mlango wa kuvuta una uwazi mkubwa kwenye bodi, na kwa sababu hiyo kizingiti cha upande huo hufanya kazi kubwa kuliko cha upande wenye ukuta mzima. Kikilegea, jambo la kwanza utakaloliona ni mlango ambao ulikuwa ukifunga vizuri umeanza kugoma, au nafasi kati ya mlango na bodi hailingani tena juu na chini. Ukitoka uani leo jioni, ufunge mlango huo na uitazame nafasi hiyo kutoka juu hadi chini. Itakuambia mengi kabla fundi yeyote hajafika.

Sasa kuhusu kutu yenyewe. Watu wengi huifikiria kama uchafu unaotua juu ya chuma, ambao ukisuguliwa na kupakwa rangi umekwisha. Kutu ni kazi ya umeme mdogo, kama ule wa betri. Tone la maji linapotua juu ya chuma, sehemu moja ya chuma hupoteza chembe zake na kuyeyuka ndani ya maji, na sehemu nyingine hupokea umeme unaotoka pale na kuutumia pamoja na oksijeni ya hewani. Kinachotushangaza ni kwamba sehemu inayoliwa si ile yenye hewa nyingi. Huliwa ile iliyojificha, yenye hewa kidogo: chini ya tope, katikati ya mabati mawili yaliyobanwa pamoja, kwenye kona ya ndani ya boksi. Chumvi ya pwani huharakisha mambo, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na tena chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata siku ambayo mvua haijanyesha. Chumvi iliyoingia ndani ya mihimili ya Kombi yako ilipokuwa Mombasa haikubaki Mombasa. Kila asubuhi yenye ukungu ya mwezi wa Julai hapa Nairobi, imekuwa ikilowa na kuendelea na kazi yake.

Ongeza jambo moja. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ikizaliwa kati ya mabati mawili yaliyochomelewa, huyasukuma hadi yanaachana, maji mapya yanapata njia, na kutu nyingine inazaliwa. Ukikiokota kile kipande kilichodondoka na kukitazama ubavuni, utaona matabaka membamba yaliyopangana kama maganda ya kitunguu. Kila tabaka lilikuwa chuma kizima wakati fulani.

Hapo ndipo utaona kwa nini fila na lami si matengenezo. Fila imetengenezwa kusawazisha mikunjo midogo kwenye bodi kabla ya rangi. Haina nguvu ya kubeba gari, na yenyewe hunyonya unyevu. Lami ikipakwa juu ya chuma safi, kikavu na kilichopakwa praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, husaidia kuzuia mawe na maji. Ikipakwa juu ya kutu, inaufungia unyevu na chumvi ndani, na kuufanya mfuko usio na hewa, yaani mahali hasa ambapo chuma huliwa kwa kasi. Nilipokuwa bado najifunza kazi hii, tulipokea gari lililokuwa limepakwa lami nyeusi ya kupendeza chini yote na karakana nyingine. Tulipoweka jeki chini ya mhimili na kuanza kuinua, gari halikupanda. Jeki ndiyo iliyopanda, ikapasua lami na kuzama ndani ya mhimili hadi ikagusa sakafu. Ndani hapakuwa na chuma; kilichokuwa kimeshikilia umbo ni ile lami. Mwenye gari alikuwa amesafiri nalo na familia yake juma lililotangulia.

Mjomba wako hakukosea kabisa. Oili hufukuza maji, na wazee wengi wamezitunza pikapu zao kwa njia hiyo. Lakini oili chafu haiondoi kutu iliyokwisha kuanza, hulainisha na kuharibu mpira wa bushi na mabomba, ina sumu inayoingia kwenye udongo wa ua ambao wanao wanachezea, na zaidi ya yote hupenya kwenye maungio ya chuma. Siku utakayotaka kuchomelea, chuma kilicholowa oili hutoa moshi, hushika moto na kufanya mchomeleo uwe na vitundu kama mkate. Usinyunyize chochote kwa sasa.

Kinachotakiwa kwanza ni ukaguzi wa kweli, na sehemu kubwa unaweza kuufanya ukiwa hapo hapo ukimwona fundi anavyofanya. Gari lisimame kwenye sakafu ya saruji iliyosawa. Lisiinuliwe kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara, na stendi zikae chini ya sehemu iliyogongwa ikathibitika kuwa nzima, si zile sehemu za kuwekea jeki pembeni, ambazo kwenye Kombi ni miongoni mwa zinazooza mapema. Halafu fundi achukue nyundo ndogo na bisibisi ya zamani. Chuma kizima kikigongwa hulia, sauti yake ni kali na nyundo hurudi mkononi. Chuma kilicholiwa hujibu kwa sauti nzito kama ya kugonga debe lenye mchanga, na nyundo hubaki palepale. Kila penye sauti hiyo, bisibisi isukumwe kwa nguvu ya mkono. Ikipenya, paandikwe duara kwa chaki. Msiogope kutoboa, kwa maana bisibisi haipenyi chuma kizima.

Fuateni mihimili yote miwili kwa mwendo huo, kisha mikono ya pembeni, vizingiti, matao ya magurudumu, na bamba linaloshikilia betri ndani ya chumba cha injini, ambalo huliwa na asidi. Zulia na mpira wa sakafu vitolewe. Maji yanayovuja kwenye raba za madirisha ya mbele hushuka hadi miguuni mwa dereva na kuozesha sakafu kutoka juu, na mtu anayelala chini ya gari hawezi kuliona hilo.

Baada ya hapo kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka, nami nakusihi ukidai. Kwa timazi ya mwashi, ile ya kamba na risasi, fundi ashushe alama kutoka sehemu zinazolingana kulia na kushoto: ekseli ya mbele inapofungwa kwenye mihimili, kisha sehemu za kuning'inizia magurudumu ya nyuma. Kila risasi inapogusa saruji pawekwe nukta ya chaki. Gari likiondolewa, nukta nne zinabaki sakafuni, na mnapima kwa futi kamba kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto, kisha mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana. Mimi nikiona tofauti inayozidi milimita 5 huirudia kazi yote tangu mwanzo, na ikibaki vilevile sianzi kukata chochote, kwa sababu gari hilo huenda liligongwa zamani au limeanza kujikunja, na kuchomelea sasa kutakuwa ni kuufunga upotovu huo ndani yake.

Tuseme mmekuta kizingiti kimoja kimekwisha, mikono miwili au mitatu ya pembeni haina nguvu, na mhimili mmoja umetoboka kwenye urefu wa futi moja hivi. Hiyo ni hali ya kawaida kwa Kombi ya pwani, na inatengenezeka. Kabla ya kukata, mlango wa kuvuta utolewe na uwazi wake ufungwe kwa vyuma vya pembe vilivyochomelewa kwa muda, kimoja kikipita mshazari, ili bodi isishuke. Uzito wa gari uegemezwe sehemu nyingi, usining'inie kwenye pointi mbili. Ukatwe upande mmoja, umalizike kabisa, ndipo upande wa pili uguswe. Ukimwona fundi anataka kuondoa vizingiti vyote viwili kwa siku moja ili kazi iende haraka, msimamishe kwa heshima, lakini msimamishe.

Chuma kilichooza kikatwe hadi kufikia chuma king'aavu chenye unene wake wa asili. Kibandiko kinachowekwa juu ya chuma kibovu hushika kingo zake tu, na baada ya misimu miwili ya mvua kingo hizo nazo huachia. Unene wa kipande kipya upimwe kwa kulinganishwa na sehemu nzima ya mhimili huohuo. Chuma chembamba zaidi kitapinda, na kinene mno kitapeleka mzigo wote pembeni mwa mchomeleo na kupasua pale. Mikato kwenye mhimili isiwe imenyooka wima kama ya kukata mkate. Ikatwe kwa mshazari au kwa ngazi, ili mchomeleo usikae wote kwenye mstari mmoja. Mashine inayofaa ni ya MIG, ile inayotoa waya yenyewe huku gesi ikikinga chuma kilichoyeyuka. Ya vijiti inaweza kufanya kazi kwenye mhimili mnene mikononi mwa fundi hodari, lakini kwenye sakafu na vizingiti huchoma matundu. Kwa vyovyote vile, achomelee vipande vifupi vifupi akiruka kutoka sehemu hadi sehemu, maana joto likikaa mahali pamoja bodi hujikunja.

Hapa Nairobi hukosi watu wa kukunja chuma. Karakana za Kariobangi Light Industries na za Gikomba zinaweza kukukunjia boksi, kizingiti na mkono kutoka kwenye bamba jipya ukipeleka kipande cha zamani kama mfano, na kazi yao, ikipimwa vizuri, haina aibu. Vipande vilivyotengenezwa tayari kwa ajili ya Kombi huuzwa Ulaya, na hukaa sawa zaidi kwenye sehemu zenye mikunjo mingi. Lakini gharama ya usafiri na ushuru hufanya iwe busara kuviagiza kwa sehemu hizo tu. Jambo la kukataa ni mabati ya zinki yaliyobaki kwenye ujenzi. Ni membamba, na yakichomelewa bila kuondolewa zinki moshi wake humtia fundi homa na baridi jioni. Mafundi wetu wengi hunywa maziwa wakiamini yanawakinga. Maziwa hayafiki mapafuni. Kinachowakinga ni kuisaga zinki yote kwanza, kufanya kazi penye hewa na kuvaa barakoa inayofaa.

Na moto. Kwenye Kombi yako tangi la petroli liko nyuma, juu ya gia na karibu kabisa na injini. Litolewe lote, lipelekwe mbali. Tangi tupu lina mvuke, nalo ni la hatari kuliko lililojaa. Betri itolewe, mabomba ya breki yanayopita kandokando ya mhimili yafunguliwe, mtungi wa kuzimia moto uwe wazi na karibu, na mtu abaki akiangalia gari kwa saa nzima baada ya mchomeleo wa mwisho, kwa sababu sponji na nguo zilizo ndani ya kuta huweza kuwaka polepole bila kuonekana. Wakati wa kuyarudisha yote hayo, nunua mabomba mapya ya petroli. Yale ya mpira wa zamani yameunguza Kombi nyingi ambazo chasisi zake zilikuwa nzima kabisa.

Kazi ikishachomelewa, bado haijakwisha, na hapa ndipo wengi huharibu. Joto limechoma rangi yote iliyokuwa ndani ya boksi, kwa hiyo upande wa ndani wa mchomeleo mpya uko uchi na utaanza kutu kabla ya upande unaouona. Mihimili ioshwe ndani kwa maji mengi safi kuondoa chumvi, iachwe ikauke siku kadhaa, halafu inyunyiziwe nta ya chasisi kwa mpira mrefu wenye tundu pembeni, hadi ichuruzike kwenye matundu ya chini. Matundu hayo yaliwekwa na kiwanda ili maji yatoke. Hakikisha hayakuzibwa na kipande kipya wala na udongo mwekundu. Nje ipakwe praima yenye zinki, kisha rangi, na ukitaka lami sasa ndipo mahali pake. Kazi hii yote ipange Januari au Februari, kabla ya masika, na rangi isipakwe jioni umande unapoanza kushuka.

Mlipe fundi kwa hatua, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba hakuna boksi litakalofungwa kabla hujaona na kupiga picha ndani yake. Piga pia picha ya namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chumba cha injini na uilinganishe na ya kwenye logibuku. Kipande hicho kisikatwe wala kusagwa, hata kikiwa na kutu kiasi gani, bila kuwauliza NTSA, mamlaka ya usalama barabarani na usajili wa magari, kwanza.

Kuna sehemu ambazo sitakushauri umwachie fundi wa kawaida hata akiwa mwaminifu. Ikiwa bisibisi imepenya mahali ekseli ya mbele inapofungwa, mahali sanduku la usukani linaposhikwa na mhimili, au kwenye bomba la nyuma linaloning'iniza magurudumu, gari lisiendeshwe hata hadi dukani. Lipakiwe kwenye gari la kubeba magari na lipelekwe kwa mtu mwenye meza ya kupimia chasisi. Vivyo hivyo sehemu za kufungia mikanda ya usalama: kama zinang'oka zikigongwa kwa nyundo, mkanda wa mtoto hauna maana. Kazi ikikamilika, peleka gari likakaguliwe na mtu ambaye hakulitengeneza. AA Kenya, chama cha wenye magari, hukagua magari ya watu binafsi, na kama siku moja utataka kubeba abiria kwa malipo, NTSA watataka kuliona kila mwaka.

Ukikuta maduara ya chaki yamejaa kwenye mihimili yote miwili, mbele na nyuma, na vipimo vya timazi vimepishana, hapo nitakwambia uiache. Gari hilo litakula fedha za bodi mbili. Hata hivyo usiliuze kwa kilo: injini, gia, milango na vioo vya Kombi vina wateja hapa mjini, na kwa kuwa magari yaliyotumika yanayozidi miaka 8 hayaingizwi nchini kwa utaratibu wa kawaida, bodi nzuri iliyoko humu nchini ikipatikana, vipande vyako vinaweza kuhamia ndani yake.

Na likitengenezwa likawa zima, bado litakuwa gari la 1974. Dereva anakaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele, na mbele ya magoti yake pana bati jembamba tu. Wapeleke watoto Naivasha mchana, barabara ikiwa kavu, wote wakiwa wamefunga mikanda kwenye viti vya nyuma, na usikimbizane na malori kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Ila safari hiyo inasubiri nyundo na chaki. Ukishaweka alama, nitumie picha za kila duara pamoja na vile vipimo viwili vya mshazari, nami nitakwambia kwa uwazi ni zipi za Kariobangi na ni zipi zinazohitaji meza ya kupimia.